Panya huchagua shoti yenye taarifa hata ikiwa kali zaidi. Wafugaji wa Moshi na Arusha, pitieni hapa

Bwana Mifugo wa Hai (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hakuna ugomvi.

Kazi yangu ni mifugo, nazunguka Boma Ng'ombe, Machame na vijiji vya tambarare huku chini. Swali ninaloulizwa sana wala si la dawa. Ni hili: "Bwana mifugo, mbona ng'ombe wangu akiniona tu anaruka, na mimi ndiye ninayemlisha?" Watu wanadhani ni ukorofi wa mbegu. Mimi nadhani jibu lilipatikana kwa panya, zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Mwaka 1963 mtafiti wa Marekani, Joan Lockard, aliwaweka panya kwenye sanduku lenye pande mbili. Sakafu ilikuwa ya vyuma, ikipitisha shoti ya umeme. Kukwepa hakuna: ukiwa upande huu unapigwa, ukihamia ule unapigwa. Tofauti ni moja tu. Upande mmoja kulikuwa na ishara inayotangulia shoti, upande wa pili shoti ilikuja bila hodi. Panya wakahamia kwenye ishara.

Utasema hilo lipo wazi, nani asiyependa kuarifiwa? Lakini tulia kidogo. Taarifa ile haikumpa panya pa kukimbilia. Shoti haikupungua hata moja. Sasa alikuwa anapata nini?

Mwaka 1973 watafiti Badia, Culbertson na Harsh wakapima upendeleo huo una bei gani. Waliifanya shoti yenye taarifa kuwa mbaya zaidi ya ile isiyo na taarifa, wakawaachia panya wachague. Panya walichukua yenye taarifa hata ilipokuwa ndefu mara nne, wapo waliofika mara tisa, na hata ilipokuwa kali mara mbili mpaka tatu. Yaani mnyama anakubali kuumia zaidi ili mradi ajue lini.

Kuna maelezo mawili yanayoshindana. La kwanza ni la mtafiti Perkins: panya akijua inakuja anajiandaa, anajikaza, anakaa vizuri, basi inamuuma kidogo. La pili ni la mwanasaikolojia Martin Seligman, na mimi niko upande huo. Anasema faida ya ishara haipo wakati imewaka, ipo wakati imezimwa. Kama shoti huja baada ya ishara peke yake, basi muda wote ambao ishara haipo ni muda wa amani. Panya asiye na ishara hana muda huo. Kila sekunde inaweza kuwa ndiyo yenyewe.

Seligman alilionyesha mwaka 1968. Alichukua panya wenye njaa waliokwisha kufundishwa kubonyeza wenzo wapate chakula, akaanza kuwapiga shoti. Waliopewa ishara, mwanzoni waliacha kubonyeza kabisa, kisha wakang'amua: ishara ikija wanasimama, ikiondoka wanaendelea kula. Wasiopewa ishara waliganda kwenye kona. Chakula kipo, njaa ipo, hawagusi. Wengi wao walikutwa na vidonda vya tumbo.

Sasa rudi zizini. Ng'ombe wetu wa ndani hana safari. Anayemletea majani ya migomba ndiye anayemkamua, ndiye anayemmwagia dawa ya kupe, ndiye anayemshika pua siku ya sindano. Hakuna kinachotangulia sindano ambacho hakitangulii chakula pia. Kwake wewe upo kila siku na maumivu yanaweza kuwa siku yoyote. Hana saa ya kusema "leo salama".

Ninachowaambia wafugaji: kuumiza hutakwepa, chanjo ipo, kupe wapo, kwato zinakua. Basi ipe siku hiyo ishara yake. Kamba yake peke yake, au koti lake, au kona yake ya boma. Siku nyingine zote kitu hicho kisionekane kabisa. Ng'ombe ataichukia kamba, wewe utabaki na ng'ombe wako.

---

Chalii wa Kijenge

Mangi umetisha. Ila bosi, si ndiyo mambo ya mgao wa umeme haya? Ukipewa ratiba kwamba giza saa moja mpaka saa nne, unapiga pasi mapema, maisha yanaenda. Ukikatika hovyo unashinda na chaja mkononi kama umerogwa.

---

Bwana Mifugo wa Hai

@Chalii wa Kijenge mfano wako umekaa karibu, ila umemtetea Perkins bila kujua. Wewe ratiba inakusaidia kwa sababu unapiga pasi. Panya hana pasi. Angalia upande mwingine wa ratiba yako: siku ambayo mtaa wenu haumo, unalala bila kuiangalia balbu. Hicho ndicho Seligman anakizungumzia.

---

Mama Ndizi Kiborloni

Asante mwanangu kwa somo. Mimi yangu ni kinyume. Ng'ombe wangu hakuwa na shida na mimi, shida ni ndoo. Daktari wa mifugo akija kumdunga, mimi hutikisa ndoo ya pumba, anasogea, tunamshika. Ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Siku hizi nikitikisa ndoo anarudi nyuma mpaka ukutani, hata kama hakuna daktari. Na pumba anazitaka, namwona anameza mate.

---

Bwana Mifugo wa Hai

Mama shikamoo. Hapo ndipo wengi tunapoumizana na wanyama. Ndoo ikija kwako inaweza kuwa pumba na inaweza kuwa sindano. Hiyo ni mbaya kuliko ishara ya sindano peke yake.

Kuna jaribio la watu lililofanyika London, likachapishwa 2016 na Archy de Berker na wenzake. Watu 45 walicheza mchezo wa kompyuta wa kugeuza mawe. Chini ya jiwe akiwepo nyoka, unapigwa shoti ya mkononi, ya kweli. Uwezekano wa nyoka ulikuwa unabadilika kadiri mchezo unavyoendelea. Wakapima jasho na mboni za macho. Msongo haukuwa mkubwa zaidi pale mtu alipokuwa na hakika kwamba atapigwa. Ulikuwa juu kabisa pale ilipokuwa nusu kwa nusu. Anayejua atapigwa alitulia kuliko asiyejua.

Ndoo yako mama ni nusu kwa nusu. Irudishie kazi moja. Itikise ukiwa na pumba tu, na daktari akija iache jikoni, tafuta namna nyingine ya kumsogeza. Usitegemee wiki moja. Kumbukumbu ya kuumizwa haifutiki haraka hivyo.

Na wale wanaomwita mbwa kwa jina lake, akija mbio wanamfunga wampeleke chanjo ya kichaa, ujumbe ni huohuo. Jina lake liacheni.

---

Msomi wa Tengeru

Mleta mada, nakusoma kwa makini ila umewaachia watu upande mmoja. Jambo hili lilibishaniwa sana. Furedy na Biederman, wa Toronto, walionyesha kuwa kwenye sakafu ya vyuma panya si mjinga. Akijua shoti inakuja anabadili mkao, anasimama kwa namna ambayo umeme unampitia kidogo. Basi shoti yenye taarifa na isiyo na taarifa si sawa kama mashine inavyosema. Walipomfungia nyaya mwilini asiweze kujipanga, upendeleo ule ulififia. Hapo Perkins wako anarudi mchezoni, na "muda wa amani" unakuwa hadithi nzuri tu.

---

Bwana Mifugo wa Hai

Mkuu nilikuwa nasubiri mtu alete hilo. Hoja ni ya kweli kwa sakafu ya vyuma, na ndiyo maana mimi namtegemea zaidi Jay Weiss wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, kazi zake za miaka ya 1968 hadi 1972. Yeye aliwafunga panya nyaya mkiani. Mkia hauna mkao. Isitoshe aliwaunganisha wawili kwenye mkondo mmoja wa umeme, mmoja akipigwa na mwenzake anapigwa saa ileile, kwa nguvu ileile. Mmoja alisikia mlio kabla ya shoti. Mwenzake naye alisikia milio, ila ilikuja ovyo, haina uhusiano na shoti. Wa tatu hakupigwa kabisa, ni wa kulinganishia.

Aliyesikia mlio wa kweli alipata vidonda vya tumbo vichache, hakuwa mbali sana na yule asiyepigwa. Wa mlio wa ovyo alivipata vingi zaidi. Umeme ulikuwa ule ule mmoja.

---

Msomi wa Tengeru

Weiss namkubali. Lakini angalia alichopima. Yeye alipima tumbo, hakumpa panya nafasi ya kuchagua. Inawezekana taarifa inalinda tumbo, na bado kuchagua kule kwa Badia kukawa kumechanganyika na mkao. Ni maswali mawili tofauti na watu huyafunga kwenye kifurushi kimoja.

---

Bwana Mifugo wa Hai

Hapo sikubishii. Kwa ng'ombe wa Machame linalonihusu ni la tumbo, maziwa na teke. Nani atamwekea ng'ombe vyumba viwili achague.

---

Kaka Mkubwa Sakina

Hao watafiti nao wana roho. Mnampiga shoti kiumbe wa Mungu ili mjue kwamba hapendi? Mngekuja kuniuliza mimi.

---

Dereva wa Hifadhi

Mimi nipo barabarani zaidi ya maabara, Manyara, Ngorongoro, Ngurdoto. Nyani nawaona kila siku. Mkubwa wa kundi kamkosa jike, anageuka anamng'ata mdogo aliyekuwa anakula zake pembeni, hana kosa lolote. Mdogo huyo hata mkubwa akipita tu kwenda kunywa maji, anainuka anahama.

Robert Sapolsky aliwafuatilia nyani hivi upande wa Kenya, Maasai Mara, miaka na miaka kuanzia 1978, akiwapima damu kutafuta homoni za msongo. Kundi likiwa limetulia, kila mmoja anajua nafasi yake, wakubwa ndio wana nafuu. Ngazi ya utawala ikiyumba, leo huyu juu kesho yule, wakubwa nao nafuu hiyo inawatoka. Hakuna shoti pale. Kuna kutojua nani atakugeukia.

---

Mwalimu wa Uru

Salaam wana jukwaa. Nimesoma yote na nina swali la uchokozi. Kwa mantiki hii, nikiwatangazia wanafunzi Jumatatu kwamba wachelewaji watachapwa Ijumaa, nitakuwa nimewatendea wema kuliko mwenzangu anayechapa hapohapo akiamka vibaya? Maana kuna walimu, na tunawajua, ambao fimbo yao inategemea chai ya asubuhi ilikuwaje.

---

Chalii wa Kijenge

Mwalimu mimi nilisoma shule ya fimbo za Ijumaa. Alhamisi usiku hakuna aliyelala bweni zima. Bora wa hapohapo.

---

Bwana Mifugo wa Hai

Shikamoo mwalimu. Chalii kakujibu nusu, na kuna utafiti unaomuunga mkono. Mwaka 2006 Gregory Berns na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwapa watu 32 shoti za mguuni, na kila mara walimwambia mtu itakuwa na nguvu gani na atasubiri muda gani. Baadaye wakawapa nafasi ya kuchagua. Wapo waliochukua shoti kali zaidi ya mapema kuliko nyepesi ya kusubiri. Kusubiri kwenyewe kulikuwa sehemu ya adhabu. Na hapo walisubiri sekunde, ndefu kabisa haifiki nusu dakika. Wewe unazungumzia siku nne.

Kwa hiyo taarifa ina urefu wake. Ishara ya panya ilikuwa ya sekunde kadhaa, halafu inaisha, amani inarudi. Ukiinyoosha ishara mpaka ikajaza juma zima, umeufuta ule muda wa amani ambao ndio ulikuwa faida. Jumatatu mpaka Ijumaa yote inakuwa taa iliyowaka.

Lakini la fimbo nina neno jingine. Majaribio haya yote yanalinganisha maumivu na maumivu. Hakuna panya aliyepewa mlango wa tatu usio na shoti akaukataa. Mtu asichukue uzi huu kwenda kusema sayansi imeruhusu fimbo kwa ratiba. Sindano ya ndigana ninamchoma ng'ombe kwa sababu asipochomwa anakufa. Fimbo ya kuchelewa darasani haina hoja hiyo.

---

Mwalimu wa Uru

Nimekuelewa. Ila ungejua darasa la watoto mia na kitu lilivyo usingesema kwa wepesi hivyo. Tuliache, si la uzi huu.

---

Dada Njiro

Naomba kuuliza la mbwa. Tulipanga nyumba mpya, tumekuta mbwa wa ulinzi ameachwa na waliohama. Majirani wanasema mlinzi wa zamani alikuwa anampiga bila sababu, akilewa anampiga, asipolewa anampiga. Mbwa huyu ukimfungulia geti haondoki. Ukimkaribia hakimbii, hang'ati, analala chini tu na kujikojolea. Nimejaribu kuwa na ratiba ya chakula, ya kutembea, kila kitu. Hakuna kilichobadilika. Ratiba si ndiyo taarifa?

---

Bwana Mifugo wa Hai

Pole dada, na asante kwa kumchukua. Huyo ana jambo la pili juu ya hili la kwanza. Kutojua lini ni jambo moja. Kutoweza kufanya chochote kikazuia ni jingine. Mwaka 1967 Seligman na Steven Maier waliwapiga mbwa shoti wasizoweza kuzikatisha. Baadaye wakawaweka kwenye sanduku ambalo mbwa wa kawaida anaruka kizuizi kifupi anaokoka. Wengi wao hawakuruka. Walilala chini wakavumilia.

Watu wengi wanajua mpaka hapo. Mwaka 2016 wenyewe wawili walirudi wakaligeuza. Kwa yaliyoonekana kwenye ubongo, kulala chini ndiyo hali ya mwanzo ya mnyama maumivu yakiendelea bila kukoma. Kinachofundishwa ni kinyume chake: kwamba ninachofanya kinabadilisha kinachonipata. Mbwa wako bado hajajifunza hilo.

Kwa hiyo ratiba endelea nayo, ila ongeza vitu ambavyo yeye ndiye anaviamua. Akigeuza kichwa, wewe rudi nyuma. Kila mara, bila kukosa. Kwamba kugeuza kichwa kwake kunakuondoa. Akinyoosha mguu mmoja kuelekea bakuli, bakuli lisogee. Kaa mbali, kaa chini, usimtazame machoni. Kwenye majaribio ya namna hiyo baadhi ya mbwa walipona kwa kuvutwa na kamba kupita kizuizi, tena na tena, mpaka wakaona kwamba kuruka kunasaidia. Ilihitaji mara nyingi. Mbwa wako usimvute kwa kamba, mazingira si yale, nakuonyesha tu kwamba maneno matamu peke yake hayakutosha.

Na mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe mkojo na figo. Kujikojolea wakati mwingine ni ugonjwa, si hofu.

---

Dada Njiro

Nashukuru sana kaka. La kugeuza kichwa sikuwahi kulifikiria, mimi nilikuwa nazidi kusogea nimbembeleze.

---

Mama Ndizi Kiborloni

Mwanangu nimerudi. Ndoo nimeshaitenga. Sasa la kamba. Kuna siku nitamfunga kamba ile nisimdunge, ili azoee asiiogope?

---

Bwana Mifugo wa Hai

Hapana mama, na hili watu hulifanya kwa nia njema kabisa. Kamba ikija bila sindano inapoteza maana, mmerudi kwenye nusu kwa nusu. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: sindano bila kamba. Robert Rescorla alilipima kwa panya mwaka 1968. Mlio ulifuatwa na shoti mara nne kati ya kumi. Alipoanza kuwapiga shoti hata wakati hakuna mlio, kwa kiwango kilekile, panya hawakuujali tena mlio, ingawa uliendelea kufuatwa na shoti kama mwanzo. Kitu kikija na ishara na kikija bila ishara, ishara inakuwa kelele tu. Sindano moja ya kushtukiza, eti leo tuna haraka, inamwambia ng'ombe kwamba hata bila kamba hayuko salama.

Mfunge kamba dakika chache kabla, si tangu alfajiri. Ikiisha, ivue, itundike asipoiona.

---

Mama Ndizi Kiborloni

Sawa. Ila nikuambie kitu, daktari wetu huja na pikipiki. Akiwa bado kule chini kwenye mteremko ng'ombe ameshaanza kuzunguka. Akishaondoka anatulia, anarudi kwenye majani. Tena bodaboda nyingine zikipita barabarani wala hashtuki, ni ile tu.

---

Bwana Mifugo wa Hai

Basi mama usinunue kamba. Ishara unayo, na ameijua mwenyewe kwa mlio. Mwombe daktari jambo moja: akija kukusalimia au kuchukua hela yake, pikipiki aiache kule kwenye mteremko apande kwa miguu.

---

Mama Ndizi Kiborloni

Hela yake ataifuata hata kwa magoti. Nitamwambia.